Karatasi Mbili kwa Pamoja

Mama alihamia kwangu Matiliku na sanduku moja la bati, mkeka, na Biblia ya Kikamba iliyofungwa kwa kamba ya mkonge kama mzigo wa kuni. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Kule Nuu alikuwa ameanza kujikwaa kwa mbuzi wake mwenyewe. Dada yangu, kifungua mimba wetu, ambaye anaishi hatua chache kutoka kwake, alishindwa kumzuia kwenda kuokota kuni peke yake, akanipigia simu. "Wewe ndiye una nyumba ya simenti," alisema. "Mchukue."

Siku ya pili, kabla hajajua mlango wa choo uko upande gani, mama alinipa masharti.

"Sijaja kukaa bure. Nina kazi na nataka unisaidie. Unisomee Biblia. Yote."

"Yote, Mwaitu?" Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Toka jalada mpaka jalada. Kanisani wananikatia vipande kama nyama ya harusi. Jumapili hii kipande hiki, Jumapili ijayo kile. Nimekula vipande miaka hamsini. Sasa nataka kuona ng'ombe mzima."

Mimi ni mtu wa digrii mbili. Hufundisha kwa mkataba katika chuo ambacho hunikumbuka muhula ukianza, na huandika makala ambazo wasomaji wake nawajua kwa sura. Kanisani hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, ili ibada ikinishinda niweze kutoka kama mtu aliyepigiwa simu. Nilikubali ombi la mama kwa furaha ya kijinga. Nilidhani nitakuwa mwalimu.

Jioni tulipofika kwenye gharika nilifundishwa mimi. Kikamba nakiongea vizuri, lakini kukisoma nasoma kama mtoto anayehesabu maharagwe. Biblia ile ni ya zamani, na vokali zetu zote zimeandikwa bila alama. Neno *matu* likiandikwa hivyo laweza kuwa mawingu na laweza kuwa masikio, msomaji ajue mwenyewe. Mimi, kwa sauti ya mhadhiri, nilitangaza kwamba Mungu aliweka upinde wake masikioni.

Mama alinigeuzia sikio. "Kama herini?" aliuliza.

Alicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Kwa wiki nzima baadaye, mvua ikitishia, mama aligeuza uso kwenye ua na kusema, "Naona leo kuna masikio mengi."

Lakini hakuwa amekuja kwa ajili ya kicheko. Sababu aliniambia waziwazi wiki hiyo hiyo, akichambua ndengu kwenye ungo, vidole vikiona kile ambacho macho hayakuona tena.

"Kabla yako palikuwa na mwingine."

"Najua, Mwaitu."

"Hujui. Unajua tu kwamba alikuwako."

Alikuwa mtoto wa kiume, alizaliwa baada ya dada yangu, na aliishi siku mbili. Siku zile, kwetu, mtoto alipewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo hakuwa amehesabiwa kuwa mtu. Alikuwa na neno lake, *kiimu*: kitu cha mizimu, kilichokuja kutembea tu na kinachoweza kurudi kilikotoka bila kumuaga mtu yeyote. Jina ndilo lililomfunga upande wetu. Huyu alirudi kabla siku ya tatu haijapambazuka. Nyanya yangu, mama mkwe wa mama, alimfunga kwa kipande cha leso akatoka naye. Aliporudi alikuwa na udongo kwenye kucha, akaomba uji. Mama hakuonyeshwa alikozikwa. Hakuuliza pia. Kati ya mke na wakwe zake palikuwa na *nthoni*, ile soni inayofunga mdomo hata wakati mtu anapoungua.

"Hata kulia nilikatazwa," alisema. "Nililie nini? Hakuna aliyekufa."

Jina lenyewe lilikuwa tayari. Lilikuwa la babu yangu mzaa baba, kwa kuwa mtoto wa kwanza wa kiume huchukua la huyo. Likakaa miaka miwili halina mtu, kisha nikazaliwa mimi nikavikwa. Mama hajawahi kuniita kwalo. Aliniita Mzee tangu nikiwa natambaa. Nilikua nikiamini kwamba ni kwa heshima tu, kwa sababu mke haropoki jina la baba mkwe wake. Siku ile ya ndengu niliingiwa na wazo lingine, nikaliacha lipite.

"Nimeuliza wachungaji watatu," mama aliendelea. "Wa kwanza aliniambia watoto wote huenda mbinguni. Nikamwuliza imeandikwa wapi, akasema tufumbe macho tuombe. Wa pili aliniuliza kama wakati ule nilikuwa nimeokoka. Wa tatu alikuwa kijana, akalia yeye mwenyewe, ikabidi nimchemshie chai. Sasa nataka kusikia kwa masikio yangu. Kama kuna mahali popote Mungu ametaja mtoto asiye na jina, akasema amemweka wapi. Popote. Kwa hiyo usiruke kitu, Mzee. Hata majina. Hasa majina. Ukiruka, utaruka hapo hapo."

Tukasoma. Kila alasiri, mama akishakula, sura tatu au nne kwenye baraza. Zile orodha za fulani kumzaa fulani, ambazo mimi nilikuwa nikizipita tangu shule ya Jumapili kama mtu anavyopita mabango ya barabarani, mama alizisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mzazi aliyekuja kusomewa majina ya waliopita mtihani. Orodha ikiisha alingoja kidogo. Kisha alisema, "Endelea."

Tulipofika jangwani, kwenye kitabu cha kuhesabu watu, nilikuwa nimechoka na nasoma bila kuwaza. Katika makabila mengine walihesabu wanaume wa vita. Lakini ile familia ya makuhani iliamriwa kuhesabu kila mtoto wa kiume, kuanzia wa mwezi mmoja.

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Mwezi mmoja?"

"Mwezi mmoja, Mwaitu."

"Si siku mbili?"

Ningeweza kusema mambo mengi. Nina vitabu nyumbani vinavyoeleza kwa nini watu wa kale waliogopa kuhesabu watoto wachanga, na niliwahi kuandika karatasi juu ya jambo hilo ambayo ilipata alama nzuri. "Hapa wameandika mwezi mmoja," nikasema. Akaendelea kuchambua. Jioni tulipopika tulikuta mawe mengi kwenye ndengu.

Sasa lazima niseme juu ya aibu yangu, kwa sababu bila hiyo hakuna hadithi.

Biblia nzima si kitabu cha mtoto wa kiume kumsomea mama yake. Wanaochagua vipande vya Jumapili wanajua wanachofanya. Kuna mabinti wawili pangoni na baba yao mlevi. Kuna mkwe aliyejifunika uso akakaa kando ya njia. Kuna sheria za damu na vitanda ambazo nilizisoma kwa kasi ya mnadani. Kwetu mwanamume mzima hakai karibu na kitanda cha mama yake, wala hataji mbele yake mambo ya chumbani, na ukiwahi kuyataja mchana kweupe na jirani anapita, hutasahau. Kwa hiyo niligundua kikohozi. Sentensi ikianza kuelekea kubaya, nilikohoa katikati yake na kutokea upande wa pili. Mama alivumilia. Mara moja aliuliza kama nimewahi kupimwa kifua kikuu.

Nilisoma kwa kukohoa, lakini nilisoma. Mpaka tulipofika kwa yule mfalme.

Kila mtu anamjua. Ameachia wengine vita, yeye anatembea juu ya dari jioni, anamwona mke wa askari wake akioga. Alasiri ile kulikuwa na watu kwenye ua: jirani alikuwa amekuja kuazima toroli, amekaa kwenye mawe, anasubiri sura iishe kwa adabu ya kanisani. Nikaona neno la kuoga linakuja. Nikaangalia chini zaidi nikaona yanayofuata. Karatasi za Biblia ile ni nyepesi kama ngozi ya kitunguu, na hushikana zenyewe. Niligeuza mbili kwa pamoja, nikaendelea na mambo ya nyumba ya mfalme kana kwamba hakuna kilichotokea. Huko nako, kwa taarifa yako, hakukuwa na usafi wowote. Nikaanza kukohoa upya.

Siku tatu baadaye mama aliuliza, akiwa peke yake nami.

"Yule mfalme wa darini, bado hatujamfikia?"

"Tumempita, Mwaitu."

"Tumempita lini?"

"Ile hadithi si unaijua?"

"Naijua ya kanisani. Kanisani huwa wanakaa sana kwa mwanamke." Aliinua uso kana kwamba ananiona. "Palikuwa na mtoto. Mhubiri husema alikufa kwa dhambi ya baba yake, kisha anakusanya sadaka. Huyo mtoto, alikuwa amepewa jina?"

Ningeweza kufungua kitabu. Kilikuwa kwenye goti langu, na kamba ya mkonge ikiashiria mahali. Lakini kufungua kungekuwa kukiri kwamba niliruka, na kukiri kungetupeleka sote wawili moja kwa moja kwenye maji ya kuoga. Nikachukua njia ya wasomi, nikajibu kwa kufikiri.

"Mtoto wa mfalme atakosaje jina?"

Mama alitikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyeelezwa kwa nini duka limefungwa.

"Ni kweli," alisema. "Wa mfalme."

Hakuuliza tena. Nilidhani nimeponea. Tuliendelea siku chache, lakini hakuwa akisikiliza kama zamani. Orodha zilipokuja hakuinamisha kichwa. Kabla hatujamaliza vita vya mfalme yule, alininyooshea kiganja.

"Pumzika, Mzee. Tumesoma ya kutosha."

"Ulisema mpaka jalada."

"Nilisema. Koo lako limechoka."

Nikafunga Biblia kwa kamba yake na, Mungu anisamehe, nikafurahi kupata alasiri zangu. Nilikuwa na makala ya kumaliza. Ilihusu uaminifu wa wafasiri.

Mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa imepasuka na mifugo ya watu ikianza kulala na isiamke, presha ilimwangusha mama bafuni. Alikaa siku nne hospitalini akitazama dari asiyoiona. Siku ya tano tukaanza mipango ya kumrudisha Nuu.

Kazi ya kuandika wasifu wa marehemu nilipewa mimi, kwani digrii zina kazi gani nyingine katika ukoo. Niliandika kama wanavyoandika wote: alizaliwa, akaolewa, akaokoka, akaugua. Nikaandika kwamba alikuwa mama wa watoto watano, nikaorodhesha majina yetu, langu likiwa la pili. Dada yangu alisoma rasimu kwenye simu yake, akanijibu kwa neno moja: "Watano?" Nikadhani anauliza kama tahajia ni sawa. Nikamjibu ndiyo.

Ratiba ya mazishi tulienda kuichapisha Sultan Hamud, kwenye kiduka cha kupiga chapa nyuma ya stesheni ya zamani, kati ya muuza betri za gari na muuza mitumba. Msichana wa kompyuta alitaka mstari wa Biblia wa kuweka chini ya picha. Nilikuwa nimeibeba ile ya mama kwa ajili hiyo. Nikaketi kwenye kiti cha plastiki, nikafungua kamba. Kitabu kilifunguka chenyewe mahali tulipoachia, na kwa sababu sikuwa na la kufanya wakati anapanga picha, nikarudi nyuma, nikatia kucha kati ya zile karatasi mbili, nikazitenganisha.

Nikasoma yote. Kuoga, mimba, barua ya kumwua mume, nabii anayekuja na hadithi ya kondoo. Kisha mtoto anaugua. Mfalme analala chini mavumbini, hali, haongei, wazee wanamvuta hainuki. Siku ya saba mtoto anakufa. Watoto wa kiume wa watu wale walipewa jina siku ya nane, wakati wa kutahiriwa.

Nikatafuta jina lake. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari kama nilivyofundishwa kusoma darasa la kwanza. Hakuna. Ni mtoto tu, mtoto, mtoto, mpaka mwisho. Anayemfuata ndiye aliyepewa majina, tena mawili kwa mpigo.

Na baba yake, watumishi wanaponong'ona wakiogopa kumwambia, anainuka, anaoga, anaomba chakula. Wanamshangaa. Naye anawaambia kwamba yeye ndiye atakayemwendea mtoto, mtoto hatarudi kwake. Kana kwamba kuna mahali. Kana kwamba huyo wa siku saba, asiyehesabiwa popote, yuko mahali ambapo mtu anaweza kufika na kumkuta.

Sijui kama mstari huo unatosha kubeba mtu. Nimekutana na wasomi wanaosema mfalme alimaanisha kaburi tu. Lakini mama hakuniomba maoni ya wasomi. Aliniomba nisome. Alisubiri kipande hicho miaka hamsini, akakikaribia mpaka ukingoni, nami nikakigeuza kwa kidole kilicholoweshwa mate ili jirani wa toroli asinisikie nikisema kuoga. Na alipokiulizia kwa jina, nikamdanganya kwamba hata mtoto yule, wa pekee aliyefanana na wake, alikuwa na jina lake.

"Mzee, umepata mstari?" msichana aliniuliza.

Nikampa sura na mstari. Kisha nikasema, "Na hapo kwa watoto, badilisha. Si watano. Ni sita."

Akabonyeza. "Sita. Huyo mwingine namweka wapi?"

"Baada ya wa kwanza. Kabla yangu."

"Jina?"

"Hana."

Akageuza kiti akanitazama. "Hana jina aje?"

"Alikufa kabla hajapewa."

"Woi, pole." Akaangalia kioo cha kompyuta, akaangalia tena. "Sasa nitaweka nini? Nikiacha nafasi tupu hivi, watu watasema ni mimi nimekosea. Hapa Sultan watu hawana dogo. Watanirudishia kazi."

"Weka nukta."

"Ngapi?"

Hakuna chuo kilichonifundisha hilo. Nikamwambia tano. Akaweka tano, akazitazama, akaongeza ya sita. Alisema zinakaa vizuri zaidi.

Siku ya mazishi Nuu palikuwa na vumbi na turubai tatu. Sisi watoto tuliitwa mbele, kama ilivyo desturi, tusimame tuonekane na kusalimia watu. Mchungaji, mtu mwema wa makamo ambaye hakuwa mmoja wa wale watatu, alishika ratiba kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mwingine.

"Ameacha watoto sita," alisoma. Akatuhesabu kwa kidole. "Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano." Akaangalia karatasi. "Hapa naona nukta. Wa sita yuko wapi? Asimame tumwone. Au bado yuko njiani?"

Watu walicheka kidogo, kicheko cha upole cha mazishini. Wengine waligeuka kuangalia barabara.

Nilikuwa nimejiandaa. Kutoka Matiliku mpaka Nuu nilikuwa nikipanga maneno, na yalikuwa maneno mazuri. Nilichukua kipaza sauti. Mbele yangu walikaa wazee wa upande wa babu, kofia kwenye magoti, wanaume ambao mama zao ndio waliokuwa wakitoka na vile vifurushi vya leso. Kusema mtoto yule alikuwako kulikuwa kutaja mbele yao damu ya mama yangu, kitanda chake, kucha za nyanya yangu. Nilifungua mdomo.

"Ni makosa ya kuchapa, mchungaji," nikasema.

"Haya, watu wa kompyuta hao," alisema mchungaji, akatoa kalamu mfukoni, akakata zile nukta, tukaendelea na ratiba.

Dada yangu hakunitazama. Alikuwa na miaka minne siku nyanya alipotoka na kile kifurushi. Alikuwa amesimama mlangoni, na hajawahi kuniambia aliona nini, wala mimi sijawahi kumwuliza.

Jeneza lilipokwisha kushushwa, tulipanga mstari kwa umri, kila mtoto atupe udongo. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Aliinama akatupa konzi yake. Kisha, wakati mimi nimeshasogea nikidhani amemaliza, aliinama tena, taratibu, akajaza mkono wake mara ya pili, akatupa na hiyo.

Mimi nilitupa mara moja, nikampisha aliyefuata.